Jibu: Buloni za M12 zilizorudishwa na mteja wa Zambia

Jambo ndugu. Umeandika kwamba mteja ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa amerudisha buloni zako za M12 (unene wa uzi mm 12), akidai si ISO 4017, yaani kiwango cha kimataifa cha buloni za kichwa cha pembe sita zenye uzi mzima, ilhali kichwani zimeandikwa 8.8. Hiyo 8.8 haimjibu: ni nguvu ya chuma tu, MPa (kipimo cha mkazo) 800 za kukatika na 640 za kuanza kuvutika bila kurudi. Umbo lina namba yake, ndiyo hiyo ISO 4017.

Kwanza chukua kalipa upime kichwa, bapa kwa bapa. Ukipata mm 19, hiyo ni DIN 933, kiwango cha zamani cha Kijerumani, iliyojaa madukani hapa Lubumbashi. ISO 4017 ya M12 ni mm 18, na ufunguo wake ni wa 18. Uzi ni ule ule, hatua (jino hadi jino) mm 1.75, ndiyo maana nati inaingia vizuri na hukushtuka. M10 nayo ni DIN 17, ISO 16; M14 ni DIN 22, ISO 21; lakini M22 imegeuka: DIN 32, ISO 34. M8, M16 na M20 hazina tofauti hiyo.

Nati usizisahau! Nati ya ISO 4032 ya M12 ina kimo cha mm 10.8, ya DIN 934 ina 10. Agiza za daraja la nguvu la 8, linaloendana na buloni za 8.8.

Kama ni za kuchovywa zinki, nati lazima iwe imekatwa uzi mpana zaidi. Kupitisha kikata uzi kwenye buloni kunaondoa zinki, na kutu itaanzia hapo hapo.

Oda ijayo andika yote: ISO 4017, M12 x 50, 8.8, na cheti cha EN 10204 3.1 (matokeo ya vipimo vya kiwandani) kama mteja anakitaka.