Mwanangu, usifumue nywele

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeisoma mara mbili, kwamba bosi wenu mzungu kasema Ijumaa kuna sherehe ya ofisi mje "let your hair down", na wewe umesuka juzi tu unauliza ndo ufumue au ana maana gani. Usifumue kitu. Maana yake jiachie, acha kujibana. Kule Ulaya zamani mwanamke wa heshima akitoka alikuwa anabana nywele juu kwa pini, akirudi chumbani kwake ndo anaziachia, msemo ukabaki na siku hizi anaambiwa hata mwanaume mwenye upara. Na sio sawa na "put your feet up", hiyo ni kukaa ukanyoosha miguu ukapumzika basi, hii ina kucheka na kucheza ndani yake.

Lakini nakwambia siku zote, mtu anajiachia penye watu wake. Unamkumbuka bibi yako wa Mvumi, hacheki hovyo, akikohoa tu nyumba nzima kimya. Harusi ya shangazi yako, wewe hujazaliwa bado, wamama wakapanga muheme, zile ngoma za wanawake wa Kigogo, namuona huyo bibi yako, mama mkwe wangu, anaibana ngoma katikati ya mapaja, kitenge kakaza kiunoni, anapiga mpaka kilemba kikadondoka mvi zote nje na wala hakukiokota. Akanionesha kwa mdomo ngoma iliyokuwa haina mtu pembeni yake. Nikakataa. Nikakaa na pochi yangu mapajani, kisa mwalimu wa kingereza, kisa blauzi mpya, kisa wakwe watanionaje. Akanitazama kidogo akaendelea kupiga, na hakuniita tena mpaka tunamzika.

Sasa ndo nashindwa nikwambie uende au usiende. Bosi ni bosi, Jumatatu mnakutana tena na yeye ndo anakujazia fomu ya tathmini. Ila nikisema usiende si ndo nakupa ile pochi uishike na wewe? Mtu anajiachia penye watu wake, narudia, na hao wa ofisini kwenu siwajui. Kama yupo hata mmoja ambaye kilemba kikidondoka mbele yake huoni haya, basi mi ningese... haya nanyamaza, umeshakuwa mtu mzima.

Ukija likizo twende Mvumi. Ngoma yake iko kwa shangazi yako, niliishika mwaka jana, ngozi bado nzima.

Mama yako