Leza inakata kila kitu? Nani kakwambia!

SWALI: Shikamoo kaka. Tuko Moshi, Majengo, tunashona jezi, vizibao vya mazoezi na mabegi ya kupigia ngumi. Mkasi unatuchelewesha sana, oda zinalala. Kuna jamaa anatuuzia mashine ya leza, anasema inakata kila kitu hadi raksini ya mabegi, tuiweke tu karibu na dirisha. Tuchukue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo "inakata kila kitu" nikiisikia tena ntalia, maana wiki haipiti bila mtu kunipigia simu kaambiwa maneno hayo hayo.

Raksini nyingi za madukani ni kitambaa kilichopakwa PVC, yaani aina ya plastiki, turubai nyingi nazo ni hivyo hivyo. Sasa PVC tupu, kabla haijachanganywa na vilainishi, zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Leza haina makali ya kukata, inachoma, na PVC ukiichoma inatoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ikikutana na unyevu, uwe wa hewani au wa koo lako, inakuwa asidi, ile ile ya kung'arishia vigae vya choo. Ndo unataka kuivuta siku nzima?

Niliitwa karakana moja Unga Limited hapa Arusha, wanasema mashine imegoma. Kufika, reli kinazopitia kichwa cha leza zina kutu rangi ya chungwa, lenzi imefifia, mpaka mikasi iliyoning'inia ukutani imeshika kutu, na ilikuwa Julai ile baridi yetu unayoijua, madirisha yote wamefunga, kijana anayekaa na mashine anakohoa anasema ana mafua. Mafua gani yanaotesha kutu kwenye mkasi jamani?

Halafu utaambiwa funga feni. Feni itatoa moshi chumbani sawa, ila moshi wenyewe umeshapita kwenye lenzi na reli kabla haujatoka, na ukitoka unaenda kwa jirani.

Kujua raksini yako ni ipi usimuulize muuza duka, atakwambia "ni ngozi hiyo". Chukua waya wa shaba uliomenywa, ushike kwa koleo, uchome kwenye moto wa gesi mpaka moto usibadilike rangi, uguse raksini ukiwa bado wa moto, urudishe motoni. Moto ukiwa kijani kibichi, raksini hiyo na leza visijuane kabisa. Fanyia nje, kipande kidogo tu, na usisimame upande moshi unakoelekea. Hizo kata kwa kisu cha umeme cha duara, tabaka chache chache, inatosha kabisa.

Jezi za poliesta ndo leza inazipenda, ukingo unayeyuka kidogo unajifunga wenyewe hauchanuki nyuzi. Ila tabaka moja moja! Ukipanga kumi kingo zinagandana, utakaa unazibandua kama chapati za jana. Kwa hiyo kama oda zako ni jezi thelathini za mpangilio mmoja, wewe shida yako inamalizwa na kisu cha umeme cha kusimama, unatandika tabaka juu ya tabaka, unabana, unapita mara moja, mkono unaoshikilia kitambaa uwe na glavu ya chuma, sio ya bustani. Leza utaikumbuka siku ukianza kukata namba na nembo nyingi ndogo ndogo, na hata hapo haiachwi ikafanya kazi peke yake ukaenda kunywa chai, inawaka moto ile.

Na kitambaa cha jezi ukikitoa kwenye jora kiache kilale usiku mzima mezani, kinavutika kile, ukikikata kikiwa kimevutika, kikishatulia M inageuka S, hapo utalaumu mashine bure.

Na nyie wengine mnaoletewa mashine za hivi na madalali, sio leza tu, akisema inakata kila kitu mwambie aandike kwenye risiti kwamba garantii inabaki hata ukikata PVC. Mtazame usoni. Yule mwenye karakana alikuja kuuliza baada ya kulipa, na simu yake haijapokelewa mpaka leo.