Nyumba ya kupangisha imeuzwa, deni halikuisha: je, muflisi bado anadaiwa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Naishi Leicester, Uingereza. Mimi na mke wangu tulinunua nyumba ya kupangisha kwa mkopo wa benki, sote tukatia saini. Biashara yangu ikaanguka, mahakama ikanitangaza muflisi, na baada ya miezi 12 nikaachiliwa, yaani nikatolewa katika ufilisi. Baadaye benki ikaiuza nyumba na limebaki pengo la pauni 28,000. Mwanasheria ananiambia sidaiwi tena. Je, mbele ya Mwenyezi Mungu nimesalimika?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Kwa sheria ya huko mwanasheria wako kasema kweli. Mkopo ulikuwapo kabla hujafilisika, basi pengo lake limo katika madeni ya muflisi hata nyumba ikiuzwa baadaye, na ulipoachiliwa benki ilikosa njia ya kukudai. Kukudai wewe, lakini. Mkeo naye alitia saini, na kama yeye hakufilisika anaweza kudaiwa zote 28,000, si nusu. Umemtaja kwa neno moja tu, na huyo ndiye aliye hatarini hivi sasa. Kaa naye, mwende pamoja kwa mwanasheria, na jua kuwa akilipa kwa ajili yako bila kukusamehe, mbele ya Mwenyezi Mungu unadaiwa naye.

Ama mbele ya Mwenyezi Mungu, mahakama huzuia kudai, haisamehi. Katika Sahihi Muslim, Abu Said al-Khudri amepokea habari za mtu aliyepata hasara katika matunda aliyoyanunua. Watu wakamchangia, haikutosha, Mtume (s.a.w.) akawaambia wanaomdai: chukueni mlichokipata, hamna zaidi ya hicho. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wameeleza kuwa maana yake ni kwamba hamna zaidi kwa sasa; linalobaki limo katika dhima yake mpaka apate wasaa. Ndiyo aya ya 280 ya Suratul Baqara: mwenye dhiki hungojewa. Kwa hiyo ukiwa huna, huna dhambi ya kuchelewesha.

Wako wanaosema benki iliingia mkataba ikiijua sheria ya kufilisika, basi imeridhia. Mimi sioni hivyo. Kujua hatari si kusamehe, na kulifuta deni katika vitabu vya hesabu si kusamehe pia. Ikikuandikia kwamba imekuachia, hapo umesalimika.

Lakini deni ni lipi? Aya ya 279 inampa mdai rasilmali yake tu, yaani fedha alizokopesha bila riba. Tazama taarifa ya benki. Tuseme rasilmali iliyobaki ni 125,000, riba na faini 15,000, na nyumba, baada ya gharama za kuiuza, imeleta 112,000. Benki itaandika pengo la 28,000; dhima yako ni 13,000. Kuingia katika riba kwenyewe kuna toba yake. Ukitaka kulipa kidogo kidogo, usitie saini mkataba mpya kabla hujamwuliza mwanasheria, usije ukajizalishia deni jingine.

Jambo hukuliuliza. Kama baada ya kutangazwa muflisi uliendelea kupokea kodi ya mpangaji kimyakimya, ile haikuwa yako, ilikuwa haki ya wanaokudai. Na amana aliyoweka mpangaji siku ya kuingia haikuwa mali yako hata siku moja. Kama uliitumia, mrudishie yeye.

Wallahu aalam.