Redio inakoroma baada ya kubadilishwa: usinunue antena kwanza

Ndugu, umeandika kwamba Toyota Harrier yako ya usukani wa kulia ilikuwa inashika vizuri na redio yake ya Kijapani. Umeweka hii mpya ya kioo kikubwa, sasa hapa Bukavu ukitoka Place de l'Indépendance ukishuka Panzi ni kukoroma tu, na dukani wanataka kukuuzia antena ya fimbo yenye ampli, yaani kikuza mawimbi. Acha hiyo pesa mfukoni kwanza.

Gari isiyo na fimbo, antena yake mara nyingi ni nyuzi nyembamba zilizochorwa kwenye kioo cha nyuma au cha pembeni. Zenyewe ni dhaifu, ndiyo maana karibu yake, nyuma ya plastiki ya nguzo, kuna kiampli kinachotaka volti 12. Redio ya zamani ilikuwa inakilisha. Mafundi wetu wakiweka mpya wanaunga umeme, wanaunga spika, muziki ukilia wanafunga dashibodi. Kwangu nilipoitoa redio nikakuta waya wa buluu, ule wa kukilisha kiampli, umekatwa na kuzungushiwa tepu nyeusi, haujaungwa popote. Kiampli kikikosa umeme kinaziba njia, hata stesheni ya karibu inafika imechoka. Chukua testa: redio ikiwaka, waya huo uonyeshe volti 12, ikizimwa, sifuri. Halafu hakikisha unafika kwenye kiampli. Mimi baada ya kuuunga, sikununua kitu.

Ukiwa umefungua, fuata kebo ya antena kwa mkono. Japani FM yao inaanzia 76, na redio zao nyingi zinaishia 90, kwa hiyo waliouza gari huweka kisanduku cha kushusha namba za stesheni zetu ziingie humo. Redio yako mpya inafika 108, haikihitaji. Redio Okapi hapa Bukavu ni 95.3, ukiipata kwenye 85.3 au namba nyingine ya ajabu, kisanduku bado kiko njiani. Kichomoe, uchomeke kebo moja kwa moja. Na kwenye mipangilio ya redio, eneo lisiwe Japani.

Kama bado, chomoa plagi ya antena, ingiza waya wa kawaida wa sentimita 75 katikati ya tundu, uutoe nje ya dirisha. Urefu huo ni robo ya wimbi la FM, ambalo zima ni kama mita 3. Sauti ikiimarika, sasa ndiyo antena ina shida: nyuzi zimekatika, au umebandika karatasi nyeusi yenye chembe za chuma juu yake. Hapo nunua fimbo, ya urefu huohuo au karibu yake. Zile antena fupi za umbo la pezi la papa, za kubandika kwa gundi, nyingi ni urembo. Kwaruza rangi pale fimbo inapokaa mpaka chuma king'ae, kwa sababu bila masi nzuri, yaani kugusana na chuma cha bodi, hata fimbo ya bei haifanyi kazi. Ampli ya ziada inakuza na makelele pia, hasa ya chaja za kwenye tundu la sigara na taa za LED. Zichomoe kwanza usikilize.

Halafu kuna milima. FM inakwenda karibu mstari ulionyooka, na ukiteremka Ngomo kuelekea Kamanyola mlima unasimama kati yako na mnara. Hapo hakuna antena ya kukusaidia, weka flashi ya nyimbo.