Maswali na Majibu: Wayaringi Mpya kwa Lori la Zamani

Nakarabati lori la zamani. Ninunue wayaringi gani?

Lori gani? La mwaka gani, volti 6 au 12, dinamo au alteneta, petroli au dizeli, usukani upande upi? Swali hili huletwa kila mara likiwa tupu hivi hivi. Wayaringi huchaguliwa kwa kilichomo ndani ya gari, si kwa picha ya tangazo. Andika kila kinachotumia umeme, kuanzia stata hadi taa ya dashibodi, kisha uulize upya.

Ipi bora: seti iliyotengenezwa kama ya kiwandani, au ile ya kufungwa gari lolote?

Kama gari bado lina swichi, geji na sanduku lake la fyuzi, chukua ya kiwandani. Kila waya umeshakatwa kwa urefu wake na rangi zinafuata mchoro. Kwenye Land Rover za zamani, kahawia ni umeme wa betri usiopita fyuzi, nyeupe unatoka kwenye swichi ya ufunguo, kijani umeshapita fyuzi, nyeusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Fundi atakayelifungua gari baada yako hatabahatisha.

Seti ya gari lolote inafaa pale ulipobadilisha injini, au ulipoongeza feni ya umeme na taa za ziada. Ila ina mtego wake. Pikapu nyingi za Marekani hutumia filamenti moja nyuma kwa breki na indiketa, kwa hiyo waya wa breki hupitia kwanza swichi ya indiketa kwenye usukani. Magari mengi ya Uingereza yana indiketa ya rangi ya chungwa inayojitegemea. Ukifunga seti ya mfumo huu wa pili kwenye pikapu ya mfumo wa kwanza, ukikanyaga breki tu indiketa za nyuma zinamezwa. Muulize muuzaji hilo kabla ya kulipa, na akijibu "inaingia gari zote", tafuta mwingine.

Wayaringi ya zamani usiitupe hata ikiwa imeoza. Itandaze sakafuni kando ya mpya, linganisha tawi kwa tawi, na uandike kwenye tepu kila ncha inakokwenda.

Nahama kutoka volti 6 kwenda 12. Lazima nibadili nyaya?

Si kwa sababu ya volti. Mzigo wa wati 60 huvuta ampea 10 kwenye volti 6, na 5 tu kwenye 12, kwa hiyo nyaya zako ni nene kuliko zinavyohitajika. Ukizikunja ganda likapasuka, hapo ndipo zitoke. Wenye kuumia ni wanaobaki na volti 6 halafu wananunua kebo za betri za volti 12: stata inazunguka kwa uvivu, lawama anatupiwa betri. Volti 6 inataka kebo ya milimita 50 za mraba au zaidi. Na angalia pia ni ncha ipi ya betri inayofungwa kwenye bodi: Ford ilipohamia volti 12 mwaka 1956, ilihama vilevile kutoka chanya kwenye bodi kwenda hasi.

Nimefunga alteneta ya ampea 60 badala ya dinamo. Seti ya kiwandani itafaa?

Kama ilivyo, hapana. Dinamo ya C40 ya Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari, ilitoa ampea 22, na waya wake mkuu ulipimwa kwa kiasi hicho. Ukiupitisha 60, waya huo na ampea mita vitapata moto nyuma ya dashibodi, mahali ambapo moshi utauona umeshachelewa. Vuta kebo ya milimita 16 za mraba kutoka kwenye alteneta hadi kwenye terminali ya betri iliyo kwenye stata, weka fyuzi ya ampea 80 upande wa betri, na badala ya ampea mita funga volti mita. Regulata ya zamani, kidhibiti chaji cha dinamo, itoe kwenye mzunguko. Taa ya chaji iache, kwa sababu alteneta nyingi bila hiyo haziamki.

Fyuzi za kioo za Lucas za 35 sizipati. Niweke za kisasa za 35?

Usithubutu. Ile 35 ya Lucas ni kiwango cha kukatika. Mzigo wa kudumu ni ampea 17 hivi. Fyuzi ya kisasa ya 35 hubeba 35 mchana kutwa, na waya ndio utakaogeuka fyuzi. Weka ya 15.

Nimepata seti ya bei rahisi sana. Ina kasoro?

Kwangua waya mmoja kwa kisu. Ukikuta weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Irudishe.

Wayaringi ni mpya, lakini nikiwasha indiketa taa ya breki nayo inapepesa. Nimeuziwa kibovu?

Kabla hujamtukana muuzaji, tazama rangi yako. Gari lililokarabatiwa limepakwa kila pembe, hata pale bolti ya ethi inapokaa, na rangi haipitishi umeme. Umeme wa indiketa ukikosa njia ya kurudi, hurudia kwenye filamenti ya jirani. Kwangua hadi chuma king'ae, weka washa ya meno, kaza, ndipo upake grisi. Kisha washa taa, weka ncha moja ya mita kwenye ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi na nyingine kwenye ganda la taa. Ikizidi volti 0.2, ethi bado. Usisahau kebo nene kati ya injini na chesisi: isipokuwepo, umeme wa stata hutafuta njia kupitia waya wa choki, na huo huungua siku ya kwanza.