Kwako Uliyeniuliza Uanzie Wapi Kutafuta Mtoto

Jumatatu usiku nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Singida. Ana miaka 37, ndoa mwaka wa 6, hajawahi kushika mimba. Swali lake fupi: "Dada, nianzie wapi?" Niliusoma binti yangu amenilalia kifuani, machozi yakanitoka.

Mimi nilianza kwa kungoja. Miaka 4 nikinywa mizizi aliyoleta wifi, nikiombewa, nikilia bafuni kila mwezi. Septemba 2018 nasukwa saluni, redio ikatoa kauli ya Rais Magufuli huko Meatu, kwamba wanawake waachane na uzazi wa mpango. Saluni nzima ikashangilia. Msusi akanigusa bega: "Haya shoga, umesikia? Na wewe tuletee." Nilimlipa, nikaondoka na kichwa hakijaisha.

Zahanati ya kwetu ilichorwa nyota ya kijani ukutani, alama ya uzazi wa mpango. Tangu utoto nilifundishwa kuogopa kuzaa watoto wengi. Hakuna aliyeniambia mirija ya uzazi, inayopitisha mayai, huziba. Yangu ilikuwa imeziba yote miwili, kwa maambukizi ya zamani niliyotibu nusunusu kwa vidonge vya duka la dawa. Mizizi ya wifi isingeizibua kamwe.

Tukauza kiwanja cha Kibaha ili tulipie IVF, yaani mayai yangu yarutubishwe maabara kisha nipandikizwe. Milioni 14, bima haikutoa hata senti. Sindano za homoni nilijichoma mwenyewe tumboni, saa 2 usiku, siku 11 mfululizo. Nilizificha kwenye friji ndani ya kopo la siagi ili wageni wasiulize. Yalivunwa mayai 9, vikapatikana viinitete 3, yaani mayai yaliyokwisharutubishwa. Cha kwanza hakikushika. Ilikuwa Oktoba 2022, mwezi uleule Rais Samia akiwa Geita aliwaomba watu wapunguze kasi ya kuzaa. Mwisho wa mwezi sensa ikatangazwa: watu 61,741,120. Nilizima televisheni. Nchi ina watu milioni 61, mimi nalilia mmoja.

Cha pili kikashika. Ndiye huyu anayenikoromea hapa.

Kwa hiyo usingoje, mdogo wangu. Miezi 12 bila mimba, nenda hospitali. Ukivuka 35, nenda baada ya miezi 6. Wewe umeshapitiliza. Na mumeo aende siku hiyohiyo. Kipimo cha mbegu hakiumi, tena ni rahisi kuliko vyetu vyote. Wangu aligoma mwaka mzima, na mwaka ule bado unaniuma. Kina baba, msitufanyie hivyo! Tatizo linaweza kuwa kwenu, na sisi ndio tunaoitwa tasa. Leo tutaambiwa tuzae, kesho tupunguze, na mayai yako yanazidi kupungua. Usingoje, nasema tena.

Kesho asubuhi piga simu kliniki, uulize siku ya kipimo cha mirija. Hufanywa hedhi ikishakauka, kabla yai halijapevuka, kwa hiyo hesabu siku zako vizuri. Ukishapewa tarehe, niandikie.