Muulize Fundi: Challenger na ringi za inchi 24

SWALI: Shikamoo fundi. Mie niko Houston, Texas, nimechukua Dodge Challenger SXT ya 2016, gari nzuri ila ringi zake za 18 zinaniudhi, dude lote lile limekaa kama limevaa ndala. Nataka 24 za kromu. Alafu kuna jamaa ananiuzia za 22 bei chee, zilikuwa kwenye Mustang, anasema zinaingia tu, zote tundu tano. Nipige zipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nakuelewa, Challenger ina ubavu mrefu na 18 inapotelea mle kwenye fenda, na mji wenyewe ndo huo wa watu wa slab, yaani magari ya kupambwa ya Houston, mtu anapita na Cadillac ringi zimetokeza nje mkono mzima, lazima roho ikuume.

Hizo za Mustang achana nazo. Tundu tano zake zimepangwa kwenye duara la milimita 114.3, za kwako 115. Utasema milimita 0.7 kitu gani, na kweli zitaingia na nati zitakaza, ubaya uko hapo hapo, maana nati haikai katikati ya kikombe chake, yaani kile kishimo cha ringi inapokalia nati, inalalia upande mmoja, ukigusa maili 70 kwenye haiwei usukani unaanza kutetemeka, baadae nati zinalegea zenyewe. Bei chee yake ndo hiyo.

Sasa 24. Tairi yako ya kiwandani ni 235/55R18, kimo chake kama milimita 716. Ukivaa 255/30R24 unafika 763, yaani dashibodi ikikuonyesha maili 60 wewe uko karibu 64, na polisi hasomi dashibodi yako. Ukikata kona tairi inasugua ndani ya fenda. Ila mi kinachoniogopesha zaidi ni mpira wenyewe: kutoka ukingo wa ringi mpaka barabarani sasa hivi una milimita 129, kwenye hiyo 24 zinabaki 76 na kidogo, shimo moja tu la usiku ringi imepinda au tairi imetoa nundu. Na kromu kubwa ni nzito, injini yako ya V6 yenye nguvu za farasi 305 itavuta kivivu na breki zitalalamika.

Ningekuwa wewe ningeishia 22, tairi 265/35R22, zilizotobolewa 115 kabisa. Kimo kinapanda bado, 744, kwahiyo mwambie fundi arekebishe spidi kwenye kompyuta ya gari. Habu yako, kile kitovu cha gari ringi inapovaa, ni milimita 71.5, tundu la katikati la ringi za dukani huwa kubwa zaidi, dai pete za kujazia hiyo nafasi. Angalia na namba ya uzito ubavuni mwa tairi, 99 ni kilo 775 kwa tairi moja, usikubali iliyo chini ya ile uliyovua. Na kabla hujalipa, zifungwe mbele, zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, sikiliza kama zinasugua.

SWALI: Fundi, Mustang yangu ya 2017 nimeivalisha ringi mpya za 20, nati zinalegea kila mara. Tatizo nini?

JIBU: Mara nyingi ni rangi iliyojaa kwenye vikombe vya nati, ikisagika tu nati inabaki na nafasi. Kwangua, kaza kwa spana ya kupimia, futi-pauni 150, kwa mtindo wa nyota, yaani ukitoka nati moja unaruka kwenda ya upande wa pili, tembea maili 50 alafu kaza tena. Zikilegea bado, vua ringi uangalie kama nati zako na vikombe vina umbo moja.